Njia ya Kasindi, Mara ya Pili

Butembo, Bulengera, tarehe 6 mwezi wa kenda 2002

Kwa Tamar, mudogo wangu, kule Beni

Soma hii ukiwa umekaa, juu mukono wenye kuiandika ni wa mutu mwenye amekanyaga Dubai mara tatu na Guangzhou mara moja na nusu. Ile nusu, balinirudisha ku aeroport juu ya muhuri. Nakusalimia, nasalimia Providence, nasalimia na mama mukwe wako mwenye hanipendaka juu mimi ni mukatoliki mwenye kelele. Huku tuko. Muke wangu Kavugho ametosha maharagi mingi ku shamba ya Kasugho, tumekosa hata fasi ya kuweka kitanda. Mama yetu magoti inamuuma, mais jumapili anafika kanisani mbele ya padri.

Sasa maneno yenyewe. Nataka bwana yako arudi.

Paulin alitoka Beni mwezi wa saba akaenda Mambasa kufundisha hesabu, na weye na mimi tunajua hapana hesabu njo ilimupeleka. Ni haya ya kuchekwa. Mutu amekaa miaka mbili mbele ya ordinateur, ile kompyuta ya biro, saa ya kazi ikiisha, anajifundisha peke yake mu buku moja yenye haina hata kifuniko, anatengeneza muchezo muzima: kamyo inapakia kahawa Butembo, inapita Beni, inafika ku mupaka wa Kasindi, inarudia na chumvi na sabuni. Nani wa kwetu alishafanya vile? Mimi njo nilimutia moyo. Mimi njo nilitoshesha CD mia mbili, nikaita muji muzima mu salle yangu ya michezo, nikawasha groupe ya umeme na mafuta yangu. Na batu balicheka.

Ile kosa ya majina njo ilimuua. Muchezo unakuuliza jina, halafu unachunga safari yako kwa ile jina. Alipoijaribisha nyumbani mulikuwa Paulin mmoja na Tamar mmoja, ikaenda muzuri. Mais leta ile kitu Butembo, fasi kila mutoto wa kwanza ni Mumbere, wa pili Kambale, na wa tatu nisikutajie. Mumbere anafika Beni, anatoka kula mandazi, anarudia, anakuta kamyo yake imelala mu mutaro, juu Mumbere mwingine alikaa ku kiti. Ile siku nilihesabu ba Kambale kumi na nane mu salle, na wote walikuwa mu kamyo moja.

Nimefikiri. Mutu mwenye alitoka juu ya haya, ukimuondolea ile haya, anarudi. Ni hesabu ya mwaka wa pili, na mimi nilifika mpaka wa sita. Na ujue kitu: bale benye balicheka, bamerudi. Kila siku bako hapa, banacheza ule ule muchezo mubovu, banautukana, banaendelea. Nikafunga kaye, daftari ya masomo, ku mulango na kamba: kila mutu aandike kosa yenye ameona. Phinées, fundi wa kamyo, ameandika kurasa nane. Anasema kamyo ya Paulin inapanda mulima kama mbuzi na kushuka kama jiwe. Na kuko binti mmoja Nadège, wa université, anajua kuandika ile luga ya mashine. Anasema: nipe disketi zenye Paulin alifanyia kazi, nitatengeneza yote.

Nitumie disketi. Muulize Paulin kama anakubali. Tutatosha muchezo mara ya pili, na jina yake juu, na ataingia Butembo kwa mulango wa mbele.

Mukubwa wako mwenye hashindwake,
Zorobabel Vagheni


Beni, tarehe 29 mwezi wa kenda 2002

Yaya Zorobabel, mukubwa wangu,

Barua yako ilifika na shoferi wa mafuta, inanuka mafuta. Tuko wazima. Providence amengoka meno mbili kwa juma moja, na anasema zote mbili ni weye ulimuambia zitaota za dhahabu. Anazingoja. Mama mukwe anasema hakuchukii, anachukia sauti tu. Kazi ya kushona inaenda, juu masomo imeanza na kila mutu anataka shati nyeupe.

Disketi ziko mu boîte, kopo ya maziwa, juu ya kabati. Paulin aliniambia mutu asiziguse. Nilisema naye ku phonie, ile radio ya kuitia batu ba mbali, siku ya posho, jumamosi. Anasema ni muzima, anakula muchele na samaki, batoto ba kule banajua hesabu kuliko ba hapa. Ile fasi ya phonie ilikuwa na batu nyuma yangu, sikuweza kumuuliza juu ya muchezo. Nitamuandikia. Ngoja ajibu.

Umeandika batu balicheka. Haukuandika nani alianza.

Mudogo wako,
Tamar


Butembo, tarehe 20 mwezi wa kumi 2002

Kwa Tamar,

Nakusalimia mara mingi kuliko ya kawaida. Huku mvua inapiga, njia ya Manguredjipa imekatika, ndizi imepanda bei. Mama anakuuliza. Nimemuambia uko muzima, donc usinifanye mwongo.

Muchezo unaendelea hata bila disketi. Kaye ya kwanza imejaa, nimefunga ya pili. Kuko kosa ku bariyeri ya Bulongo, sijui kama unaikumbuka. Askari anasimamisha kamyo, unalipa, anafungua, unasonga kidogo tu, anakusimamisha tena, unalipa, vile vile mpaka makuta, feza yako yote, inaisha. Hakuna mutu alishapita kule. Nadège aliandika: hii ni kosa, hesabu inazunguka bila mwisho. Chini yake shoferi mmoja akaandika: hii hapana kosa, mimi nimepita Bulongo jana. Basi bamegawanyika pande mbili kama mu uchaguzi. Batu ba université banataka bariyeri ifunguke. Bashoferi banataka ibakie vile iko, eti juu ya heshima ya ukweli.

Radio inasema mambo ya Mambasa. Radio inasemaka sana. Niko nafahamu mambo ya vita kuliko ile radio, mimi nilipita Kisangani kati ya mabomu na baloti, marobota tano ya bitambaa, ku kichwa. Batu ba Mambasa banajua pori. Kama Paulin hajajibu, ni mvua.

Nilifika ku phonie mara ine. Mutu wa phonie anaita Mambasa, anaita tena, halafu ananiangalia. Nikamuambia mashine yake ni ya zamani. Nilitaka pia kutuma pikipiki. Niliuliza batu ba pikipiki wote ba Bulengera, na benye bananiogopa, na benye nilisimamia ku ndoa zao. Hakuna mwenye alikubali. Mmoja alinirudishia kofia yenye nilimuletea Dubai.

Nitumie disketi, Tamar. Nitafanya nini na mikono yangu.

Zorobabel


Beni, tarehe 17 mwezi wa kumi na moja 2002

Yaya,

Salamu. Mama mukwe ameanguka mu cour, ku kiwanja cha nyumba, mukono umevimba, sasa unashuka. Providence anaenda masomo saa ya kwanza mpaka ya ine tu, juu madarasa yamejaa batu benye kutoka upande wa Mambasa, banalala mule. Kanisa yetu pia imejaa. Nashona bitambaa bya kubebea batoto. Nimekata mapazia yangu, yamekwisha, nimekata na yale ya mama mukwe.

Asubuhi naendaka ku njia ya Mangina, pale banatokelea. Narudi saa sita.

Nakutumia disketi zote kumi na moja, na soeur mmoja, mutawa, mwenye anashuka Butembo. Paulin hajajibu. Nimezitosha mwenyewe ku boîte.

Niko na neno moja. Kwenye bariyeri, ile sauti ya askari, «Simama, iko nini mu kamyo», ni Paulin. Aliirekodi mu chumba chetu na kipaza sauti cha kuazima. Nyuma kunasikika mutoto analia. Ni Providence, alikuwa na homa ile juma. Na kunasikika mutu anasema «ngoja kwanza, nitamubeba». Ni mimi. Najua batu balicheka pale kuliko fasi ingine yote. Umuambie Nadège asiitoshe.

Haukujibu swali yangu.

Tamar


Butembo, tarehe 8 mwezi wa kumi na mbili 2002

Tamar,

Disketi zimefika. Moja ilikuwa imeota ukungu kama mukate, Nadège akaisafisha na pamba na alkoli, akaisoma yote ila mulima wa Kabasha. Phinées alisimama nyuma ya kiti chake siku mbili anamuonyesha na mukono: hapa unakunja, hapa breki inalia, hapa turn-boy, utingo, anaruka na jiwe ya kuweka nyuma ya gurudumu. Mulima umezaliwa upya. Sasa kamyo inapanda kama kamyo.

Majina imetengenezwa. Muchezo unauliza jina, halafu ya baba, halafu quartier, mutaa wake. Hata vile tumepata ba Kambale babili, jina ya baba moja, quartier moja. Bamepatana mmoja ajiite Mukubwa. Bariyeri ya Bulongo, tulikata kesi hivi: inafunguka, mais ku mara ya tano. Bashoferi bamekubali, banasema tano ni siku ya sikukuu.

Sauti. Barua yako ilifika nyuma ya disketi. Nadège alikuwa ameshaitosha, ameweka sauti ya Kasika, ule wa chorale ya kanisa, sauti kama ya askofu. Nikasema irudi. Baliguna wote, baliniambia: Patron, ni hii njo iliharibu muchezo. Nikasema salle ni yangu, groupe ni yangu, mafuta ni yangu. Halafu nikamusomea Nadège ile fasi ya barua yako. Aliirudisha saa ile ile, na Phinées akatoka inje kuangalia pikipiki yenye hakuna mutu alimuletea.

Na sasa hii yenye unaniuliza mara mbili. Mimi njo nilianza.

Paulin alisimama mbele, na ile koti yenye ulimushonea. Ba Kambale banapiga kelele, kamyo iko mu mutaro, mutoto analia mu mashine. Batu bananiangalia mimi, juu bamezoea mimi niseme kitu. Nikasema: «Shemeji, mu hii kamyo umepakia familia nzima, umesahau kupakia tu moteri.» Ilikuwa muzuri, Tamar. Salle ilianguka. Hata muji unairudilia mpaka leo. Yeye pia alicheka kidogo. Kisha juma mbili kupita akaniambia kuko kazi Mambasa, na mimi njo nilimutafutia fasi mu kamyo, mbele, kando ya shoferi, nikajiona nimemufanyia muzuri.

Donc kama kuko mutu wa kumurudisha, ni mimi. Usiku na muchana nafanya kazi hiyo tu. Biashara ya bitambaa nimemuachia Kavugho.

Mama anakuuliza. Nadanganya, mais sasa anafunga macho nikianza kusema.

Yaya yako


Beni, tarehe 12 mwezi wa kwanza 2003

Yaya Zorobabel,

Heri ya mwaka. Mukono wa mama mukwe umepona. Providence jino moja imeota, nyeupe tu, amekusamehe.

Radio inasema bameweka sahihi ya kuacha vita. Batu bangali banafika.

Tarehe ine alifika mutu anaitwa Ananie, mwalimu, alikaa nyumba moja na Paulin kule Mambasa. Alitembea majuma mingi. Nilimuonyesha foto, akakaa chini mu njia. Nimemuleta nyumbani, analala kwetu. Nakuandikia vile aliniambia, sijaongeza kitu.

Siku bisasi bya bunduki bilianza balikuwa masomoni. Batoto balikimbilia njia mbili. Ananie alifuata benye balishika njia ya kushoto, Paulin bale ba kuume. Alimusikia anabaita kwa majina, hapana mbali, nyuma ya muti. Halafu hakusikia tena. Upande wa kushoto balifika Teturi. Alingojea pale siku ine. Batoto babili ba upande wa kuume balifika, bakasema mwalimu aliwabebesha mumoja mwenye kuchoka na akarudi nyuma kutafuta bengine. Ananie hakuona maiti. Hakuona mutu mwenye aliona maiti. Hajui kingine.

Nimemuuliza juu ya muchezo, juu yako. Anasema Paulin alikuwa anafundisha kugawanya na ile kamyo, anaichora ku ubao, mafuta kiasi, kilomita kiasi. Na ile maneno yako, ya familia na moteri, alikuwa anaisimulia kwa balimu bengine chakula ikiisha, na anaigiza sauti yako, na banacheka wote mpaka jirani anagonga ukuta. Paulin alisema hakuna mutu alishamucheka muzuri vile. Alienda Mambasa juu kule balilipa balimu kila mwezi, na alitaka kununua ordinateur yake mwenyewe. Hakuwa na haya, Yaya. Angerudi Pasaka.

Donc hapana weye njo ulimutosha. Nilitaka uisikie kwangu, ulale.

Mais kama hapana weye ulimutosha, hapana weye unaweza kumurudisha. Hiyo pia nilitaka uisikie kwangu.

Ku njia ya Mangina ninaenda bado.

Tamar


Butembo, tarehe 2 mwezi wa pili 2003

Tamar,

Barua yako niliisoma nimesimama mu soko, nikanunua kuku kwa mutu, nikaisahau pale pale. Mwenye kuiuzisha ameileta jioni.

Miezi saba nilibeba ile maneno kama gunia, na kumbe yeye aliibeba kama mukate wa njia. Nimecheka peke yangu. Halafu nikaona mikono yangu haina kazi tena. Kama angekuwa na haya, ningejua dawa.

Muchezo umekwisha. Uko muzuri, hapana mimi nasema, hata batu ba chuki banasema. Sikujua tena niutoshe ao niuache. Nadège alisema kazi ya mutu haiwekwake mu kabati juu mutu amechelewa. Basi nilienda kwa Mathe wa imprimerie, mwenye kuchapa karatasi, kuagiza etiketi za kubandika ku CD. Nikamupa maneno: Njia ya Kasindi, mara ya pili, mutengenezaji Paulin Musubaho, imesaidiwa na bachezaji ba Butembo. Mathe akaandika muzuri. Halafu akainua kalamu, akaniuliza pole pole, juu ni mutu wa adabu: «Mukubwa, mbele ya jina tuweke musalaba mudogo, ao tuache?»

Unanijua. Sijakosa jibu hata mbele ya ba douanier, batu ba forodha, ba Dubai. Nilimutukana Mathe, nikatukana na mashine yake, nikafika mpaka ku mulango. Nikarudi. Nikamuomba samahani. Tukakaa babili tunaangalia ile karatasi. Hakunisukuma. Kulikuwa batu bengine banangoja mialiko ya ndoa.

Ile swali hapana yangu. Ni mbaya kukuletea, mais ningeijibu peke yangu ingekuwa mbaya zaidi. Uniambie niandike nini. Mathe anangoja.

Zorobabel


Beni, tarehe 15 mwezi wa pili 2003

Yaya,

Hapana kuweka musalaba.

Weka jina tu. Chini ya jina uandike hivi: «Tuko fasi ile ile, Boikene, nyuma ya kanisa. Tamar na Providence.»

Tuko wazima.

Tamar


Butembo, tarehe 9 mwezi wa tatu 2003

Kwa Tamar na Providence,

Mama anawasalimia na anawatumia birayi, biazi gunia moja, shoferi asiwaambie alikuta nusu. Kavugho ananiambia nilale na nile, kwa mupango ule. Ananie umupe ile shati ya mistari, ni ya Guangzhou kweli, mikono ni mifupi kidogo juu kule batu bako bafupi.

Muchezo umetoka jumamosi. Nilikodi groupe ya pili. Salle ilijaa mpaka mu dirisha, na bale bale ba Kambale kumi na nane, kila mutu na kamyo yake. Walipofika Bulongo, sauti ya Paulin ikasema simama, iko nini mu kamyo, na Providence akalia nyuma, na weye ukasema ngoja kwanza. Nilingojea kicheko. Mutu mmoja tu, mutoto wa shule mwenye hakujua, alianza, na Phinées akamuwekea mukono ku bega. Halafu balilipa mara tano, bakapita. Mimi niliulizwa niseme maneno. Nikasema asante, nikakaa. Batu bamefikiri niko mugonjwa.

Etiketi iko vile uliandika. CD zinaenda Kasindi, zinaenda Bunia, Kisangani. Mais najua weye hapana unafikiri Kisangani.

Niliuliza batu benye banajaribu kurudi upande wa Teturi, bachuuzi ba muchele, nani kule angeweza kucheza. Balinicheka. Hakuna umeme. Ordinateur ilikuwa moja, ya paroisse ya mapadri, imebebwa. Najua, nilifika kule mimi mwenyewe. Nikawauliza: basi CD mukiiokota munaifanyia nini? Mama mmoja akasema banaitundika na kamba mu shamba ya muchele, inazunguka, inangaa, ndege wanaogopa. Anasema pembeni ya pori kila shamba inazitafuta.

Nilirudi kwa Mathe siku ile ile. Nikamuambia atoshe ile karatasi, aandike ku CD yenyewe, ku pande zote mbili, herufi kubwa, na ile rangi ya kuandikia kamyo yenye mvua haitoshake. Akasema ku pande zote mbili mashine haitaisoma tena. Nikamuambia ziko arobaini za hivyo. Tuliandika wote babili, mukono wangu ni mubaya mais unasomeka: Paulin, tuko fasi ile ile.

Yule mama amechukua zote arobaini mu kitunga, chini ya chumvi. Anasema muchele unaanza kutosha vichwa mwezi wa ine, mbele ya pale hakuna mutu anatundika.

Mimi na birayi tunafika kwenu siku ya posho, tutaenda ku njia ya Mangina pamoja. Sitasema sana.

Zorobabel